Pakiti za Rangi ya Damu ya Mzee

Kwa miaka sita nilikaa kwenye kaunta ya kampuni ndogo ya uchapishaji katikati ya Nairobi, mtaa wa maduka ya vipuri. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kazi yangu ilikuwa kupokea wateja na kuidhinisha rangi kabla mashine haijaanza kuzunguka. Fundi wetu alichanganya wino kwa kisu juu ya kioo, akaniletea tone kwenye karatasi, nami nikamwambia ongeza nyeusi, punguza, hapo hapo. Nilijisifu sana kwa jicho langu. Nilikuwa mwepesi wa kuona na mwepesi zaidi wa kujibu.

Mteja niliyemkosea alikuwa mama mmoja wa Riruta aliyesaga unga wa uji nyuma ya ploti yake: wimbi, mtama, soya na njugu. Alitaka pakiti za karatasi za rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na rangi nyingine hakutaka hata kuisikia. Pakiti ya kwanza tuliyomchapishia ilipendeza hadi bosi akaibandika kwenye kioo cha dirisha, wapita njia waione kazi yetu.

Kila baada ya miezi mitatu au minne alirudi kuagiza nyingine. "Kama ile ya kwanza," alisema. Nami nilibandua ile ya dirishani, nikampa fundi alinganishe wino wake nayo, kisha nikairudisha mahali pake. Ndivyo tulivyozoea kufanya na sampuli zote, maana kitu kilicho dirishani hakipotei. Siku moja alishika pakiti mpya, akaigeuza geuza.

"Dada, hii rangi si imebadilika kidogo?"

"Ni hizi taa zetu, Mama. Ukifika nyumbani utaona iko sawa."

Safari nyingine aliuliza tena. Nikamwambia macho yakifika umri fulani huanza kumdanganya mwenyewe. Nilicheka nikisema hivyo. Yeye hakucheka.

Kisha akapata bahati. Duka kubwa la vyakula kule Parklands lilikubali kumpa rafu kwa majaribio. Mama alijipanga vizuri: pakiti, stika za kubandika kwenye katoni, bango la ukutani lililopakwa na mchoraji wa Riruta, na wasichana wawili wenye aproni wa kuwaonjesha wanunuzi uji. Alinunua hata mashine ya pili ya kusaga kwa kuitegemea rafu hiyo. Jumatatu alitoka Parklands akaja moja kwa moja kwetu na vitu vyake, uso umemshuka. Mwenye duka alikuwa ametandaza vitu vyake vyote mezani, akamwuliza, "Mama, hizi zote ni zako, ama zingine umenunua kwa watu?" Bidhaa bandia zilikuwa zimejaa mjini na hakutaka lawama za wateja wake. Akampa hadi Ijumaa. Vitu vyote viwe na rangi moja, la sivyo rafu inaenda kwa mwingine.

Nilikasirika kwa niaba yake, na zaidi kwa niaba yangu. Niliitazama aproni moja, nikaona nimempata mbaya wetu. "Hawa mafundi cherehani wa Kenyatta Market hawajui rangi," nikasema. Nikachukua mkoba, tukaondoka.

Tulipita kwenye moshi wa nyama choma hadi kibanda cha fundi cherehani aliyeshona zile aproni. Nikaitupa mezani pake. "Hii ni rangi gani ulimfanyia Mama?"

Hakupandisha sauti. Alivuta droo, akatoa pakiti tupu ya unga. "Madam, mimi nilifuata hii. Ni yeye aliniletea, ni ya mwaka jana." Akailaza juu ya aproni. Zilikuwa sawasawa.

Mama akatoa pakiti mpya kwenye kiondo, akaiweka kando ya ile ya fundi. Moja ilikuwa nyekundu iliyochoka, nyingine rangi ya matofali. Zote mbili tulizichapisha sisi, na zote mbili niliziidhinisha mimi. Nyani haoni kundule.

Akaingiza mkono tena kwenye kiondo, akatoa Biblia. Unga wa pakiti ya kwanza kabisa, alisema, aliupeleka kanisani kama malimbuko. Mchungaji aliuombea, watoto wa Sunday school wakapikiwa uji, naye akaikunja ile pakiti na kuiweka kwenye Zaburi. Akaikunjua mbele yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa damu ya mzee.

Nilielewa papo hapo. Dirisha letu hupigwa na jua kuanzia saa nane hadi jioni, na wino mwekundu ndio hutangulia kupauka. Kwa miaka miwili tulikuwa tukiifuata kwa uaminifu rangi iliyokuwa ikikimbia. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Nilikuwa natumia ile ya dirishani. Imeliwa na jua."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara mbili," akasema, akaifunga Biblia.

Nilimweleza bosi yote. Alinigombeza mbele ya fundi wetu wa wino, na nilistahili. Kisha tukafanya kazi. Tulisimama mlangoni penye mwanga wa kweli, fundi akachanganya wino kwa kufuata pakiti ya Zaburi, na safari hii tuliandika uzito wa kila wino uliotumika. Tukachapisha vikadi vya rangi hiyo: kimoja cha fundi cherehani, kimoja cha yule mchoraji wa bango, kimoja cha mama mwenyewe. Chetu kiliingia kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo. Nilikwenda Riruta mwenyewe nikasimama nyuma ya yule mchoraji mpaka akanichoka. Kufikia Ijumaa asubuhi vitu vyote vililingana, na mama akaenda Parklands.

Alipewa rafu. Tangu hapo kila mteja wetu alikuwa na bahasha yake, na bosi alianza kuwaambia watu kwamba sisi tunatunza sura ya biashara, kuchapisha ni sehemu tu. Mimi nilimngojea mama alete oda nyingine. Ikapita miezi minne, ikapita sita.

Siku moja nilikwenda kumwona mgonjwa Parklands, nikaingia kwenye lile duka. Rafu ilikuwa imejaa. Pakiti, katoni, bango, vyote rangi moja. Nikageuza pakiti kutazama yale maandishi madogo ya chini. Lilikuwa jina la wachapishaji wengine. Niliumia kweli kweli.

Mama mwenyewe alikuwa pale, akipanga katoni. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za bosi na za fundi. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, mbona ulituhama? Si rangi tuliirekebisha?"

"Rangi mliitengeneza vizuri sana, na nilishukuru," akasema. "Lakini hawa wa sasa, nikiwauliza kitu, wanaangalia kwanza ndio wananijibu."