Fomu Isiyo na Safu ya Watu

Saa kumi na mbili asubuhi, mhesabu magari ameshaketi kwenye kiti chake cha plastiki pembeni mwa makutano ya barabara, ubao mapajani, penseli mkononi. Gari likipita, anachora kijiti. Vijiti vinne, cha tano kinalala juu yake. Kila robo saa anafunga mstari na kuanza upya. Ukimsalimu katikati haitikii, na si kiburi. Akiinua macho tu, malori matatu yameshampita.

Wenzake wanamwita Mama Vijiti. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na mmoja kati yake imeishia kwenye kiti hicho. Mgongo ndio shahidi. Vijiti vyake huenda kwa wahandisi, ambao huamua barabara ipanuliwe wapi na taa zisimame wapi. Fomu ina safu nne: gari dogo, basi, lori na pikipiki. Hakuna ya tano.

Mwaka huu amejiunga na kozi ya jioni, utangulizi wa uhandisi wa usafiri. Anakiri kwamba husinzia darasani, lakini somo la kwanza lilimtoa usingizi. Mwalimu alisema kazi ya barabara ni kupitisha watu. Gari ni chombo tu.

"Nilirudi nyumbani nikamtazama mama yangu, nikaona aibu," anasema. "Anavuka hapa kila siku kwenda kliniki, na mkongojo wake. Miaka kumi na mmoja, sijamhesabu hata mara moja."

Sasa makutano yanapanuliwa, njia nne ziwe sita, na kwenye mchoro hakuna taa ya wanaovuka kwa miguu. Alipouliza, mhandisi alimjibu kwa upole kwamba bila takwimu hakuna taa. Haya. Akageuza fomu, na kwa siku tatu amekuwa akihesabu watu kwenye upande wake wa nyuma, saa yake ya mapumziko ikiteketea hapo hapo.

Jana, kati ya saa sita na saa saba, walivuka watu 1,146. Magari, kwa hesabu ya mwenzake aliyempokea, yalikuwa 903. Karatasi anaipeleka kwa mhandisi leo jioni.

"Sijui kama atakubali. Nimechoka, ndugu yangu, mpaka kuchoka kwenyewe kumenichoka," anasema. "Akikataa, nitasoma mpaka fomu niiandike mimi. Imebaki miaka minne ya masomo niwe mhandisi. Mimi naweza kuisubiri. Mama ana themanini na miwili, na njia sita ni nyingi."