Utomvu kwenye Vidole vya Gaudiosa

Utomvu wa ndizi ni shahidi asiyehongwa. Ukimenya bila kupaka mafuta mikononi, unakauka mweusi kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole, na hautoki kwa maji wala kwa sabuni. Siku hiyo Gaudiosa, kwa haraka ya kula, alikuwa amesahau mafuta. Ilipofika saa nane mchana alikuwa amechutama kwenye pipa la maji, nyuma ya nyumba yake hapo Kemondo, anasugua vidole kwa majivu na ndimu hadi vinawasha.

Alikuwa ametoka kwa jirani yake Judica. Huko walikuwa wamemenya ebitoke, ndizi za kupika, wakazipika na maharage mabichi, wakala. Huu ulikuwa mwezi wa tano mambo yanakwenda hivyo, mara mbili au tatu kwa wiki. Mwanamke wa miaka sitini na miwili, mwenyekiti wa jumuiya, bibi wa wajukuu saba, anakwenda kula ndizi kwa watu kwa kujificha kama mwanafunzi anayevuta sigara chooni. Aibu ilimla, na yeye akaendelea kula.

Aliyekuwa akifichwa ni mumewe, Ta Mutembei, mpima kahawa mstaafu. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kwenda harusini Dar es Salaam akalishwa pilau, kuku na mbuzi siku tatu mfululizo, aliporudi akakaa barazani akauliza, "Kuna chakula?" Msimcheke. Bukoba nzima inaelewa swali hilo. Wali ni wa sikukuu na ugali ni wa shule, lakini mtu akisema amekula, amekula ebitoke.

Na ebitoke vya Gaudiosa vilikuwa na jina. Aliolewa akitoka Kamachumu, upande wa Muleba, akiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza ya kupika, mama mkwe wake alimpa kisu na mkungu akakaa pembeni kumtazama. Hakusema neno mpaka Gaudiosa alipoinua sufuria apunguze maji. Hapo ndipo mama mkwe alipomshika mkono. "Maji ya ndizi hayamwagwi," alimwambia. "Ukiyamwaga umemwaga chakula, umebakiza makapi." Gaudiosa alilishika neno hilo. Tangu hapo ndizi zake zililala chini ya majani ya mgomba, zikaiva taratibu kwenye mchuzi wao wenyewe, na Mutembei hakutamani tena chungu cha mtu mwingine.

Kisha mwezi wa kwanza mwaka huu miguu ya Mutembei ikavimba. Hospitalini Bukoba wakasema ni figo. Wakati mzee anatolewa damu, mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole aitwaye Annastella, alimkalisha Gaudiosa kando akamweleza. Ndizi zina madini ambayo figo zilizochoka haziwezi kuyatoa, nayo yakijaa mwilini yanaweza kuusimamisha moyo. Sahani ya ebitoke ya kila siku ife kabisa. "Lakini usimnyime zote, mama," Annastella alisema. "Katakata vipande vidogo, loweka saa mbili, mwaga maji. Chemsha kwenye maji mengi, mwaga tena. Mpe vipande vitatu, mara mbili kwa wiki, asizidishe."

Gaudiosa aliitikia kwa kichwa, na moyoni akakataa. Aloweke ndizi kama dagaa wa chumvi? Amwage maji mara mbili, kisha amwekee mumewe makapi mezani na kusema nimekupikia? Kuna watu wanakufa na tai shingoni. Huyu alikuwa tayari mwenzake afe na hamu, ilimradi jina la chungu chake libaki. Mutembei alipotoka kutolewa damu na kuuliza wamesemaje, alimjibu kwa ufupi, "Wamesema ndizi ni mwiko kabisa."

Miezi mitano mzee alikula wali na ugali. Aliacha kuuliza chakula. Alikonda, na jioni alikaa akiitazama migomba ya kibanja chake mwenyewe kama mtu anayetazama nyumba iliyouzwa. Kila alipomwona hivyo, Gaudiosa alitaka kusema ukweli, na kila siku iliyopita iliufanya ukweli uwe mzito zaidi. Wiki iliyotangulia Annastella alikuwa amepiga simu kwamba majibu ya damu yanaonyesha yale madini yamepanda. Vile vipande vitatu, alisisitiza, visiongezwe hata kimoja. Gaudiosa alishukuru akakata simu.

Sasa pale kwenye pipa alisikia harufu ya ebitoke vilivyoiva. Alidhani inatoka kwenye nguo zake. Kisha akaona, kwenye shina la mgomba wa karibu na jiko, maganda mabichi yamerundikwa, hata hayajaanza kuwa meusi. Aliacha ndimu hapohapo akakimbilia jikoni.

Aliyekuwa jikoni ni wifi yake, Ma Clotilda, dada mkubwa wa Mutembei, aliyekuja na pikipiki kutoka Rubafu bila taarifa. Alikuwa amekwishafunua majani kwenye sufuria, na mvuke ulimpanda usoni.

"Umechelewa, wifi, nikakusaidia," Clotilda alisema bila kugeuka. "Nimeleta ndizi za enshakara, mkungu wa kibanja cha baba. Nimemkuta ndugu yangu amebaki mifupa."

"Ma Clotilda, waitu, hizo hawezi kula. Hospitali wamekataza."

"Baba yetu alikula hizi miaka tisini. Hakuna Mhaya aliyeuawa na kitoke." Akapakua sahani, ikajaa mpaka ukingoni, akainyanyua akaenda nayo sebuleni.

Mutembei alikuwa ameketi mezani, ameshanawa mikono. Alipoiona sahani macho yake yalilegea kama ya mtoto. Gaudiosa aliwahi, akaweka kiganja juu ya sahani ile, moto ukamchoma, hakukiondoa.

"Baba Kyaruzi, usile. Nakuomba."

Clotilda alimshika mkono autoe, na mara akaacha kuvuta. Aliugeuza ule mkono kwenye mwanga wa dirisha. Kucha zilikuwa na weusi, na mikunjo ya vidole ilikuwa na weusi.

"Mkono huu umemenya leo," Clotilda alisema taratibu. "Na mimi nimemenya peke yangu humu."

Mutembei aliutazama ule mkono. Miaka arobaini na mitatu alikuwa ameujua ulivyo siku za ndizi na ulivyo siku nyingine.

"Umekula wapi?"

"Kwa Judica."

"Leo tu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Gaudiosa ilikuwa imeishia hapo mezani. Mutembei alitikisa kichwa polepole, mara mbili. "Basi toa mkono wako," alisema. Alichukua tonge. Hakuonekana kuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Gaudiosa, kwa sababu mtu mwenye hasira bado ungeweza kubishana naye. Tonge lilikuwa limefika kidevuni.

"Nilikudanganya," Gaudiosa alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Hawakusema mwiko kabisa. Hiyo sahani ndiyo itakayokuua, hilo ni kweli tupu. Ila walisema kidogo unaweza. Unaloweka, unamwaga maji, unachemsha, unamwaga tena. Vipande vitatu. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza."

"Kuloweka?" Clotilda aliuliza, uso umekunjamana. "Ndizi?"

"Ndiyo, wifi. Na mimi nilikunja uso hivyohivyo. Niliona haya." Akamgeukia mumewe. "Miaka yote hii umekula chakula cha mkono wangu. Niliona heri ukose kuliko nikupikie makapi ukayatema."

Tonge lilikuwa bado mkononi mwa Mutembei, mchuzi unamtiririka kwenye kiganja. Nje kuku walikuwa wanaparua yale maganda. Mutembei alilitazama tonge, akamtazama mkewe, kisha akalirudisha kwenye sahani akajifuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Loweka," alisema.

Gaudiosa akamenya ndizi tatu kutoka kwenye mkungu wa Rubafu, akazikatakata, akazitia kwenye beseni la maji. Saa mbili hizo zilikuwa ndefu. Clotilda alikula kidogo kisha akaifunika ile sahani iliyojaa akaipeleka mbali. Mutembei alibaki kitini, ameegemea fimbo. Gaudiosa alikaa chini karibu na beseni, akiyaona maji yanavyogeuka rangi. Aliyamwaga nje, na alipoyamwaga aliusikia mkono wa mama mkwe umemshika kama siku ile. Alichemsha kwenye maji mengi, akamwaga tena. Vilivyobaki vilikuwa vimepauka na kulegea. Aliweka vipande vitatu kwenye sahani ya chai, bila maharage, bila chumvi, akavipeleka mezani.

Mutembei alikula cha kwanza. Alitafuna muda mrefu. Alikula cha pili. Clotilda alikuwa amesimama mlangoni, Gaudiosa kando ya meza.

"Hakina ladha," Mutembei alisema mwishowe. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Lakini ni kitoke. Miezi mitano, Gaudiosa. Ungeniuliza mimi kama nitatema."

Gaudiosa alisema nisamehe. Mzee alikisukuma kile kipande cha tatu mpaka upande wake wa meza, kisha akavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa. Kula hapa," alisema, "nikikuona."

Gaudiosa alikaa, akakila.