Wided na Picha Zilizokataa Kusomeka

Wided binti Saadia alizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na baka mkononi. Tangu mdogo, ukimwambia kuskusi imeiva, ataonja kwanza. Ukimwambia mbuzi amefungwa, atakwenda kuivuta kamba mwenyewe. Mama yake alikaa nasi meza moja ya kutenga tende nzuri na mbovu hapa Kebili mpaka Mungu alipomchukua, na alikuwa akisema, "Huyu akifika peponi ataomba aonyeshwe kama kweli ndiyo pepo." Tulikuwa tukicheka, na mtoto anatukagua mmoja mmoja ajue tunamcheka nani.

Shaka hiyo hiyo ndiyo iliyompa riziki. Alisoma mambo ya kompyuta mjini Gabes, akarudi, na Haji Lazhar mwenye ghala la tende akamwita amtengenezee jicho la mashine. Kamera inaning'inia juu ya mkanda unaopitisha tende, inapiga picha. Kisha programu aliyoiandika Wided, kwa lugha ya kompyuta wanayoiita Python, inazisoma zile picha na kusema: hii nzuri, hii kavu, hii imepasuka.

Sisi wanawake wa mezani hatukulipenda jicho hilo, sitasema uongo. Kutenga tende ni kazi tuliyoikuta kwa mama zetu. Mbarka, mkubwa wetu, mjane asiye na mtoto wa kumtegemea, ulimi wake mkali kuliko pilipili ya harisa, alimwambia Haji usoni, "Jicho lisilo na kope litaona haya lini? Mungu alipasue."

Basi ikafika Jumatatu, wanunuzi wanakuja Alhamisi kulitazama jicho, nalo likagoma. Wided aliiwasha programu kwenye kompyuta ya ofisini, ikakatika palepale, ikaandika kwamba picha iliyopewa ni tupu. Akaifungua picha ileile kwa mkono wake: hii hapa, tende zinang'aa. Akaiamuru programu iseme kama faili lipo. Ikajibu lipo. Akaiambia isome. Ikaleta utupu. Na hicho kisomeo cha picha, kile kipande cha programu kinachozifungua picha, alivyonieleza baadaye, kina tabia mbaya: kikishindwa hakipigi kelele wala hakisemi sababu. Kinakukabidhi mkono mtupu na kukuacha ujikwae mbele ya safari.

Akazihamisha picha kwa flashi mpaka kompyuta yake mwenyewe. Huko zikasomeka zote.

"Kwangu zinasomeka, hapa hazisomeki," alisema polepole. "Hapa pana mkono wa mtu."

Neno hilo lilikuwa kama cheche kwenye makuti makavu. Haji akatoka hadi mezani kwetu, akauliza nani ameingia ofisini siku mbili hizi. Karani akasema alimwona Mbarka akitoka mle Jumamosi.

"Nilifuata birika," Mbarka akasema. "Nyinyi wanaume mkishamaliza chai, birika halina miguu ya kurudi jikoni."

"Uliliombea jicho lipasuke, Mbarka. Na limepasuka," Haji akasema.

"Nikiomba Mungu akanipa, mshitaki Mungu!"

Tukasema astaghfirullah sote kwa pamoja. Haji akawa mwekundu. Akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wapakiaji nje, "Wided akithibitisha ni wewe, kesho usikanyage hapa."

Mbarka aliendelea kutenga, ila mikono ilikuwa inatupa tende nzuri kwenye kapu la mbovu. Na sisi, Mungu atusamehe, kila mtu akausogeza mfuko wake karibu. Wawili wakizungumza, wa tatu akikaribia wananyamaza. Wengine walianza kukumbuka mambo ya Mbarka ya miaka iliyopita, ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na kompyuta. Wided naye alipita mezani akimtazama yule mama kama mtu anayeitafuta tende yenye mdudu bila kuipasua.

Baada ya adhuhuri nilipeleka chai ofisini. Haji alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Wided.

"Sema ni yeye, tumalize. Alhamisi hii hapa."

"Nadhani ni yeye," Wided akasema.

"Basi."

"Kudhani tu, Haji. Sijaona." Akakisukuma kikombe kando bila kukionja, jambo ambalo kwake si la kawaida. "Ngoja."

Alichukua picha moja akaiweka peke yake, nje ya folda zote. Akaisoma. Ikasomeka. Akairudisha ilikokuwa. Utupu. Akaitoa tena, ikasomeka. Akairudisha, utupu. Akaitoa mikono kwenye vitufe kama aliyegusa jiko.

"Picha si mgonjwa," alisema. "Kompyuta si mgonjwa. Njia ya kuifikia picha ndiyo yenye jambo."

Akaitazama njia hiyo, folda ndani ya folda. Ile folda aliyoiita mwenyewe kwa herufi za Kifaransa ilikuwa na jina jingine sasa: Bismillah, imeandikwa yote kamili, kwa Kiarabu. Programu hupita folda zote inazozikuta, kwa hiyo iliifuata bila kuuliza jina. Tena Wided alikuwa ameiona tangu asubuhi! Lakini katika ghala hili Bismillah iko mlangoni, iko kwenye mizani, iko kwenye maboksi na kwenye kipaji cha lori. Jicho linaipita na moyo unatulia. Yeye anayeshuku hata chumvi, hapo hakushuku.

"Hiki kisomeo cha picha, kwenye kompyuta za aina hii, hakiijui njia yenye herufi zetu," alisema. "Python yenyewe inaijua, ndiyo maana ilisema faili lipo. Nani ameandika hivi?"

"Mimi," Haji akajibu bila kusita. "Jana baada ya alasiri. Kitu kikianza bila Bismillah kitapata baraka gani? Na kwa vijicho vya watu wa humu, ulitaka nikiache uchi?"

Kisha nikaona maneno yake mwenyewe yanamrudia. Akashika ukingo wa meza. "Unaniambia jina la Mungu limeharibu mashine?"

Neno moja baya hapo lingetosha kuwasha moto mwingine.

"Hapana, Haji. Kisomeo ndicho mjinga, hakijafundishwa. Jina litakaa palepale."

Akaandika mistari michache. Sasa Python yenyewe italifungua faili na kuchota kilichomo, kisha itakimiminia kisomeo mkononi kikigeuze kiwe picha, bila kukiuliza njia. Akaiwasha. Tende zikatokea kwenye kioo, kila moja ndani ya kisanduku chake, cha kijani au chekundu.

"Alhamdulillah," Haji akasema, akaanza kuelekea mlangoni. "Yamekwisha."

"Hayajaisha. Mbarka je?"

"Nitamwambia kesho."

"Ulimtuhumu mbele ya watu, Haji. Na mimi nilikupa neno la kumtuhumia."

Haji akatoka na sisi nyuma yake. Alisimama mezani akizitazama tende, si watu.

"Mbarka. Ni mimi niliyeigusa ile kompyuta. Nisamehe."

"Sauti haijafika mwisho wa meza," Mbarka akasema bila kuinua kichwa. "Ile ya kunifukuza ilifika hadi nje."

Wanawake wakaficha midomo kwenye shali. Haji akakohoa, akasema upya, na safari hii wapakiaji wakachungulia mlangoni. "Kazi yako ipo," akaongeza. "Nisamehe mbele yao."

"Mungu atusamehe sote."

Wided akamwinamia, akambusu kichwani.

"Na wewe, binti wa marehemu Saadia. Kutwa nzima umenichungua kama tende yenye mdudu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini hicho kijicho chako bado sikiamini."

"Hata mimi sikiamini. Njoo ukae nami, tukikague pamoja kabla ya Alhamisi."

Mbarka akamtazama kwa muda, macho madogo, akipima kama ndani ya maneno yale mna hila. "Unikalishe karibu ili uninyonye ujuzi ukakipe kijicho chako?"

Mbarka akalivuta kapu lake karibu na magoti, akaendelea kutenga.