Vigelegele kwa Gari la Mashindano

Gari lenyewe hata sikuliona vizuri. Lilifunikwa kitambaa cheusi, na sisi tunaoshona ngozi za viti tukasimamishwa nyuma kabisa, kinamama wa Kongo karibu wote, maana tuliitana kwenye kazi hii kutoka kanisani. Mkurugenzi akapanda jukwaani akatangaza kwamba kampuni inarudi kwenye mashindano ya kimataifa. Akanyamaza.

Sasa kwetu, mtu akitangaza jambo jukwaani halafu akanyamaza, tunajua la kufanya. Nikapiga vigelegele. Wenzangu wakapokea. Wazungu wakageuka, wakacheka, wakapiga makofi. Kamera ikatukimbilia.

Kumbe hajamaliza. Viti vya mashindano vinatakiwa haraka, kwa hiyo meza yetu yote inahamia shifti ya jioni kuanzia Jumatatu.

"Mama, tumeshangilia nini?" jirani yangu akaninong'oneza.

"Ujinga wetu."

Binti yangu ana miaka mitatu. Nasari anakoshinda inafungwa jioni, nami nitakuwa bado kiwandani. Baba yake anaendesha lori, anarudi Ijumaa. Hapa Castle Vale, ugenini Uingereza, sina mama wala shangazi wa kumwachia. Nilimweleza supavaiza haya yote, akanijibu nivumilie, sisi sote ni familia moja. Familia! Familia gani haiulizi mtoto atalala kwa nani?

Siku chache baadaye akaja binti wa matangazo na kamera yake. Sauti yetu haikuingia vizuri, anasema. "Mnaweza kurudia? Ilikuwa na furaha sana!"

"Niachieni shifti ya asubuhi kwanza," nikasema.

Supavaiza akajichekesha. "Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Kwangu ni moja. Furaha mnaitaka bure?"

Supavaiza akawageukia wenzangu. Mkubwa wetu, mama wa kwaya mwenye sauti ya kupasua bati, akaokota sindano yake akaendelea kushona. Wote wakainama. Kamera ikabaki kupiga picha vilemba vyetu.

Hapo supavaiza akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Wewe baki asubuhi. Wengine wahame."

Damu ilinipanda! Na wao wana watoto. "Sema hivyo kwa nguvu," nikamwambia, "wasikie."

Akaanza kuondoka. Nikawaambia mimi.

Jumatatu tuliingia asubuhi, wote. Supavaiza alitukuta tumeshakaa, akatazama saa yake, akafungua mdomo.

"Bonjour, baba," mama wa kwaya akamwambia. "Ngozi iko wapi?"

Akaenda kuileta.