Kusoma Bila Kalamu

Walimu tulipogoma, nilishindwa kutulia. Wenzangu walikwenda mashambani au kutafuta biashara katikati ya mji, Makiso. Mimi nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikatoka barabarani, nikarudi. Mwishowe nikawaita watoto wa majirani jikoni kwangu, sombe, majani ya muhogo, ikichemka pembeni, tukaanza na herufi.

Wazo nililitoa kwenye somo la historia ya elimu, chuoni. Shule za umma zilipoanza katika makoloni ya Waingereza kule Amerika, sheria moja ilitaka mji ukifika nyumba hamsini uajiri mwalimu, ili watu waisome Biblia wenyewe. Lakini wadogo wengi walianza jikoni kwa mama wa jirani. Na kalamu ilikuwa ya wavulana. Wasichana wengi walifundishwa kusoma tu.

Niliwasimulia watoto. Binti mmoja akayafikisha nyumbani, na kesho yake akaja mama yake, muuza samaki, mzaliwa wa Yanonge, beseni kichwani. Nilidhani amekuja kunisalimu. Akasema watu wale wa Amerika walikuwa na akili: mtoto wake asome kitabu cha sala, basi.

"Kusoma iko muzuri, madame," alisema. "Lakini kuandika? Ataandikia nani, kama si bijana ya mu kartie?"

Nilimjibu kwamba, vijana wa mtaani wawepo wasiwepo, jikoni kwangu simnyimi mtoto kalamu. Akamshika binti mkono, wakaondoka.

Siku zikapita. Kila toleka iliposimama nje nilichungulia, nikidhani baiskeli imewaleta. Nilijiuliza kama ubishi wangu haukumnyima mtoto hata kule kusoma.

Walirudi siku ya mvua. Mama akaketi, akaniambia kwamba yeye kalamu hajawahi kuishika.

"Bon. Unifundishe miye kwanza. Nikiona haiko na mubaya, naye aandike."

Aliishika kama kisu cha kuparia samaki. Alipomaliza jina lake, jasho lilikuwa likimtiririka, na binti hakuthubutu kucheka. Alimsogezea mtoto kalamu, akainua beseni, akaenda zake sokoni.

Mgomo ukaisha. Mama yule sasa anafanyia biashara yake Ubundu, na binti, anayeishi kwa shangazi yake, yuko darasani kwangu. Anaandika vibaya, kwa haraka, kama anayefukuzwa. Nami kila nikisikia fununu za mgomo mwingine, usingizi hunipaa.