Vizibo Viwili vya Soda

Yule kaka wa Ngarenaro anayewawekea watu katuni za Kijapani kwenye flashi haanzi kazi kabla hajaipuliza flashi na kuifuta kwenye shati. Kisha humuuliza mteja: nani ana nguvu zaidi, yule aliyegongwa na lori akaamkia nchi ya majoka, au yule aliyezaliwa upya akiwa mfalme wa mapepo? Huweka vizibo viwili vya soda mezani, kila kizibo shujaa mmoja, na anayeshindwa humfyatua kwa kidole mpaka barabarani. "Huyo hana kitu, dada'angu! Mwenzake anafufua wafu!" Sauti humpanda, na Agnela, anayepita hapo kila akitoka saluni kwake, humbishia kwa raha zake.

Desemba ilipofika, Wachaga wenzake yule kaka wakafunga maduka, wakapakia mchele na mafuta, wakaenda kula Krismasi nyumbani. Yeye akabaki amefungua. Agnela akaja na begi la safari begani, akamtania: "Kaka, hao mashujaa wako wote, kuna hata mmoja aliyewahi kurudi kwao?"

Kidole kilikuwa tayari nyuma ya kizibo. Hakikufyatua.

"Hakuna," akasema taratibu. "Na mama zao hatuonyeshwi tena."

Agnela akaujutia utani wake. Yule kaka akaviokota vizibo vyote viwili, akavitia mfukoni.

"Ukifika kwetu Marangu, nisalimie."

Agnela akangoja aambiwe amsalimie nani, lakini kaka alikuwa anaipuliza tena flashi aliyokwisha kuipuliza.