Mafua ya Bi Pua

Kiwandani walimwita Bi Pua, na kwa miaka kumi na tisa jina hilo lilikuwa sifa. Alikuwa mwonjaji wa chai: anachota kijiko, anaivuta kwa kelele mpaka harufu ipande puani, anatema ndooni, kisha anatamka. Akisema chai imeungua, basi imeungua.

Lakini tangu mumewe afungashe virago na kuondoka, kila akiingiwa na huzuni au hofu, pua inaziba. Si homa, si kikohozi, ni mafua tu yasiyo na haya. Muuguzi wa zahanati alimpima, akavua glavu.

"Mama, dawa ya hii sina. Jitahidi kufurahi kidogo."

Kufurahi! Utadhani furaha inatolewa dirishani, vidonge viwili mara tatu. Alijaribu, maskini. Alijichekesha mbele ya kioo mpaka binti yake akagonga mlango. "Mama, kuna nini humo?"

Hofu ilimziba pua, na pua ikiziba hofu inazidi. Minong'ono ikamfikia meneja. Ijumaa akampangia vikombe sita mezani.

"Onja, dada. Ukikosea, Jumatatu unahamia kwenye kufungasha."

Asubuhi hiyo pua ilikuwa imeamka wazi kabisa. Neno "ukikosea" lilipotamkwa tu, ikaziba. Alivuta, akatema: maji ya moto, basi. Angeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake alitazama rangi, ambayo haikumwambia kitu, akabuni. Cha kwanza kizuri. Cha pili kimechujuka. Cha tatu kina moshi. Akaenda hivyo mpaka cha sita, kwa madaha yake yote ya zamani.

Meneja alishindwa kumtazama usoni. "Dada, vyote sita nimemimina kutoka birika moja."

Jumatatu akapewa aproni na kiti kando ya mashine ya pakiti. Alilia bila kujificha, mpaka huzuni ikamwishia. Hapakuwa na la kuogopa tena, baya lenyewe lilikwisha kutokea. Haijafika saa nne pua ikafunguka, harufu ikamjaa kichwani. Chai iliyokuwa ikipita mbele yake ilikuwa imeungua.

"Simamisheni!" akapaza sauti. "Hii imeungua!"

Msimamizi wa zamu hata hakugeuka. "Fungasha, mama."